Walisomeshwa Kutibu, Wakaachwa Wangoje Nyumbani

Machi 14 ni tarehe nzito katika hospitali za umma nchini Kenya. Mwaka 2017 madaktari walimaliza siku hiyo mgomo wa siku 100. Mwaka 2024, siku hiyo hiyo, wakaanza mwingine uliodumu siku 56. Kiini cha mgomo huu wa pili kilikuwa madaktari wanagenzi, vijana waliofuzu shahada ya udaktari kisha wakakaa kwao wakingoja serikali iwapangie hospitali.

Mkazi wa Kibokoni, Mombasa, aliyewahi kumkimbiza mzazi wake usiku hadi Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wenyeji bado huiita Makadara, anawajua vijana hawa hata kama hajui cheo chao. Wakishapangiwa, ndio wanaotafuta mshipa wa mgonjwa saa tisa usiku, wakajaza faili, wakampigia simu daktari bingwa. Kwa miezi 12 huzunguka wodi za upasuaji, watoto, uzazi na magonjwa ya ndani. Asiyepitia mwaka huo hapati leseni kamili, na hata zahanati ya kibinafsi mtaani haiwezi kumwajiri kama daktari.

Daktari mpya kudunishwa si jambo la jana. Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, wasaidizi wa tiba waliletwa kutoka India, na vyeo vya juu vikashikwa na Waingereza. Mwanahistoria John Iliffe, katika kitabu chake cha mwaka 1998 kuhusu madaktari wa Afrika Mashariki, anaonyesha jinsi Waafrika waliosomea udaktari Makerere walivyoajiriwa kwa cheo cha usaidizi na mshahara wa chini kuliko Mzungu, hadi wakalazimika kupigania haki yao. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha udaktari mwaka 1967. Mwaka 1994 madaktari waligoma zaidi ya miezi mitatu, lakini serikali ikakataa kukisajili chama chao cha wafanyakazi. Kilisajiliwa mwaka 2011.

Ugomvi mkubwa ulitokana na karatasi. Juni 2013 chama na Wizara ya Afya walitia saini mkataba wa mishahara na mazingira ya kazi. Haukutekelezwa. Desemba 5, 2016 madaktari wakaondoka wodini, na wagonjwa wasio na uwezo ndio walioumia zaidi. Korti iliamuru mgomo usitishwe, viongozi hawakutii. Februari 13, 2017 Jaji Hellen Wasilwa akawafunga viongozi saba, akiwemo katibu mkuu Ouma Oluga, mwezi mmoja jela. Nchi ilishtuka kuona madaktari wakipelekwa gerezani kwa kudai mkataba ambao serikali yenyewe ilikuwa imeutia saini. Wenzao wa hospitali za kibinafsi nao wakagoma. Februari 15 Mahakama ya Rufaa ikawaachilia wakaendelee na mazungumzo. Ni katika makubaliano ya mwaka huo ambapo malipo ya mwanagenzi yaliwekwa kuwa Sh206,400 kwa mwezi.

Wino haujakauka, Juni 2018 madaktari 100 kutoka Cuba wakawasili huku Wakenya waliofuzu wakitafuta kazi. Lilikuwa kosa, na mpango huo ukafutwa mwaka 2023. Kisha serikali ikasema inaweza kumlipa mwanagenzi Sh70,000 tu. Februari 29, 2024 katibu mkuu wa chama, Davji Atellah, alijeruhiwa kichwani kwa mkebe wa gesi ya kutoa machozi akiongoza maandamano Nairobi. Mgomo wa siku 56 ulifuata, na Desemba ndipo serikali ilipokubali tena kiwango cha mwaka 2017.

Lakini mwanagenzi akimaliza mwaka wake, wa kumwajiri Makadara sasa ni kaunti, kwani huduma za afya ziligatuliwa mwaka 2013. Vikao vya maoni ya umma kuhusu bajeti hufanyika kabla ya Juni. Msomaji wa Mombasa, hudhuria na uulize swali moja: mwaka huu mmetenga nafasi ngapi za madaktari wapya, na pesa zao ziko wapi?