Kutoka Uwanjani hadi Benchi: Heiner Brand na Mpira wa Mikono wa Ujerumani, 1976–2011

Wasifu wa wanamichezo aghalabu huandikwa kama ngazi: mtu hucheza, hushinda, hustaafu, kisha hufundisha. Sehemu hii inahoji mtazamo huo kwa kumchunguza Heiner Brand, aliyezaliwa Gummersbach mwaka 1952, bingwa wa dunia akiwa mchezaji mwaka 1978 na akiwa kocha mwaka 2007. Hoja yetu ni kwamba ukocha wake hauelezeki kwa mataji pekee; sharti usomwe pamoja na yale ambayo kizazi chake kilinyimwa.

Gummersbach ni mji mdogo mashariki mwa Köln, lakini klabu yake, VfL Gummersbach, ilitawala mchezo huu Ulaya katika miaka ya 1970. Huko Brand alijulikana zaidi kwa ulinzi kuliko kufunga. Machi 1976, mjini Karl-Marx-Stadt, Ujerumani Magharibi ilifungwa na Ujerumani Mashariki mabao 11 kwa 8, ikafuzu Michezo ya Olimpiki ya Montreal kwa sababu tu mlinda mlango Manfred Hofmann alizuia mtupo wa mita saba wa sekunde za mwisho. Miaka miwili baadaye, mjini Copenhagen, timu iliyofundishwa na Vlado Stenzel iliishinda Urusi ya Kisovieti 20 kwa 19.

Kizazi hicho hakikudumu. Tarehe 30 Machi 1979, huko Tatabánya, Hungaria, Joachim Deckarm, mchezaji mwenza wa Brand klabuni na katika timu ya taifa, aligongana na mpinzani, akaanguka kichwa kwenye sakafu ya zege iliyofunikwa kwa tabaka jembamba tu. Alipoteza fahamu kwa siku 131. Mwaka uliofuata Ujerumani Magharibi ilisusia Michezo ya Moscow, na dhahabu ikaenda Ujerumani Mashariki. Wanahistoria wa michezo huyapitia haraka matukio haya mawili. Kwa maoni yetu, ndiyo kiini cha habari.

Brand alikabidhiwa timu ya taifa mwaka 1997. Alifungwa katika fainali ya Ulaya 2002, ya dunia 2003 na ya Olimpiki 2004 mjini Athens. Katikati yake alitwaa ubingwa wa Ulaya 2004 nchini Slovenia. Ushindi wa 2007 mjini Köln, 29 kwa 24 dhidi ya Poland, ulisimama juu ya ukuta wa ulinzi wa Oliver Roggisch na kipa Henning Fritz: falsafa ya mlinzi wa zamani. Hata hivyo, mtafiti mwaminifu hawezi kuficha kwamba nusu fainali dhidi ya Ufaransa, 32 kwa 31 baada ya vipindi viwili vya nyongeza, iliamuliwa pia na waamuzi waliokataa bao la Michaël Guigou mwishoni. Wachezaji walisherehekea kwa masharubu bandia, wakimwigiza kocha wao.

Utukufu huo haukumaliza mgogoro wake na klabu za ligi kuu, alizozilaumu kwa kutegemea wageni na kuwanyima vijana Wajerumani muda wa kucheza. Klabu zilikuwa na hesabu zao: zilishindania mataji ya Ulaya, si maslahi ya timu ya taifa. Mwaka 2011 Ujerumani ilimaliza ya 11 katika ubingwa wa dunia. Brand aliondoka mwaka huohuo, bila dhahabu ya Olimpiki, si kama mchezaji wala kama kocha.