Heroe Hula kwa Kufumba Mdomo

Jamaa wa pwani wakija Nakuru huniuliza swali moja: wale heroe wa kwenye picha za zamani, ziwa zima limegeuka waridi, wamekwenda wapi? Wengine wameambiwa kuwa wamekimbia kelele za mji. Mimi huwajibu kwamba waanze kwa kuutazama mdomo wa ndege mwenyewe.

Kila kiumbe na mdomo wake. Baharini muna kiumbe laini aitwaye Beroe, anayefanana na konyeza lakini hawashi. Mdomo wake ni mpana, na huwameza wenzake wazimawazima. Akiogelea, kingo za mdomo hushikana kama zipu, kwa seli zinazonatana, ukabaki umefungwa bila yeye kukaza misuli. Akigusa windo ndipo zipu hiyo hufunguka. Yaani hufumba akisafiri, hufumbua akila.

Heroe ni kinyume chake. Yeye hula akiwa karibu amefumba.

Heroe wa huku ni wa aina mbili. Heroe mkubwa, ambaye hata kwetu huonekana kwenye mlango wa Mto Sabaki karibu na Malindi, huchuja wadudu na vijikamba vya matopeni. Heroe mdogo, aliyelipa sifa Ziwa Nakuru, hutegemea zaidi spirulina, viumbe vya kijani vidogo mno vinavyostawi kwenye maji ya magadi.

Akila, huinamisha kichwa mpaka kikawa juu chini, mdomo ukagusa uso wa maji. Ulimi wake mnene huenda mbele na nyuma kama pampu, mara kadhaa kila sekunde: ukirudi nyuma huvuta maji, ukienda mbele huyasukuma nje. Kandokando ya mdomo muna vibamba vyembamba vinavyozuia spirulina isitoke. Ni kama kifumbu cha kukamulia nazi, ila heroe hubakisha machicha akamwaga tui.

Na kule kupinda kwa mdomo kuna kazi yake. Mtaalamu wa Uingereza, Penelope Jenkin, aliyachapisha maelezo ya mdomo huu mwaka 1957. Mdomo ulionyooka ukifunguliwa kidogo, huachana sana kwenye ncha na kubanana kwenye shina. Uliopinda huacha mwanya mwembamba unaokaribia kulingana kote. Basi takataka kubwa hubaki nje, na maji yenye chakula hupita.

Lakini chombo kilichochongwa kwa kazi moja hakina kazi ya pili. Tangu miaka ya 2010 maziwa ya Bonde la Ufa yamefura. Ziwa Nakuru, lililokuwa na kilomita za mraba zipatazo 40, lilipita 60, likameza barabara na lango kuu la mbuga. Maji ya mvua na mito yalipunguza ukali wa magadi, na spirulina ikapungua. Heroe mdogo hawezi kugeuka mla samaki kama mwari. Alilazimika kufuata chakula kwenye maziwa mengine, kama vile Bogoria. Nalo Bogoria limefura vilevile.

Maziwa ya Nakuru, Elementaita na Bogoria yaliingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2011, na heroe ni sababu mojawapo kubwa. Hakuna awezaye kuizuia mvua. Lakini msitu wa Mau unakotoka Mto Njoro, na maji machafu ya mji yanayoteremkia ziwani, hayo yamo mikononi mwetu. Kumtangaza heroe kwa watalii huku tukiyaacha maji yake yaharibike ni kumwalika mgeni karamuni bila kupika. Hata akija, hatakaa.