Waliokikalia Ndio Waliokiunda

Mwishoni mwa karne ya 16, Mfalme Philip II wa Hispania alikuwa na kiti cha magurudumu chenye mahali pa kunyooshea miguu. Hakuweza kukiendesha, kazi hiyo ilikuwa ya watumishi. Mwaka 1655, karibu na Nuremberg, Ujerumani, fundi saa Stephan Farffler, kijana wa miaka 22 mwenye ulemavu, alijiundia kiti cha magurudumu matatu, akakiendesha kwa mikono yake mwenyewe.

Tangu hapo, mabadiliko makubwa yameletwa na akina Farffler, si na wafalme.

Herbert Everest, mhandisi wa madini nchini Marekani, aliumia mgongo mgodini mwaka 1918. Viti vya wakati ule vilikuwa vizito, wala havikuingia garini. Mwaka 1933 yeye na rafiki yake Harry Jennings wakatengeneza cha mabomba ya chuma, chenye vyuma viwili vilivyopishana chini ya kikalio kama mkasi. Kikakunjika. Muundo huo ungali unaonekana kwenye korido za hospitali zetu. Kampuni yao ilitawala soko kiasi kwamba mwaka 1977 serikali ya Marekani iliishtaki kwa kuhodhi biashara. Mwaka uliofuata Marilyn Hamilton, mkazi wa California, alipooza baada ya kuanguka akipaa angani kwa chombo kisicho na injini. Marafiki zake waliokuwa wakiunda vyombo hivyo wakamtengenezea kiti cha alumini, chepesi na chenye rangi za kuvutia. Walipoanza kuviuza viti hivyo, soko likageuka.

Lakini alumini ya California haimsaidii mtu wa njia ya mchanga. Hilo alilielewa Ralf Hotchkiss, mhandisi aliyepooza kwa ajali ya pikipiki. Mwaka 1980 alikwenda Nicaragua, akakutana na vijana waliokuwa wakitumia kiti kimoja kwa zamu na kukikarabati wenyewe. Akaanza kubuni nao viti ambavyo fundi wa kuchomelea angeweza kuviunda kwa vifaa vya dukani; baadaye vikapata magurudumu mapana ya mbele yasiyozama mchangani. Afrika Mashariki nayo ina mafundi wake: karakana ya APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, jijini Nairobi, na chuo cha mafundi cha TATCOT mjini Moshi.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wenye hatua nane za utoaji wa viti, zikiwemo kumpima mtumiaji, kumfunza na kumfuatilia. Si urasimu. Kiti kipana mno kinaweza kupindisha mgongo wa mtoto. Kisicho na mto unaofaa huleta vidonda vinavyoweza kuua mtu asiyehisi maumivu. Hata hivyo, bado tunaona viti vya saizi moja vikigawiwa kwenye hafla, picha zikipigwa, wageni wakiondoka.

Ukiombwa mchango wa kununua viti hivyo, uliza kwanza: nani atawapima watu, na tairi likipasuka watakwenda kwa fundi yupi?