Makatekista wa Ngerengere na Uluguru

Katekista ni mlei, aghalabu mkulima mwenye mke na watoto, anayeshika kigango, yaani tawi la parokia, ambako padre hufika mara mojamoja. Jumapili isiyo na padre, yeye ndiye anayeongoza ibada. Huwafundisha wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, sala na katekisimu, huandaa watoto kwa komunyo ya kwanza na kipaimara, hutembelea wagonjwa, huzika. Yote hayo huyafanya jembe likishawekwa chini. Katika ukanda wa Ngerengere, kuanzia stesheni ya reli hadi milima ya Uluguru upande wa Matombo, kazi hii imevuka karne moja, nayo imebebwa na watu ambao majina yao yamo katika vitabu vya ubatizo vya parokia na si penginepo.

Chanzo chake ni Bagamoyo. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni huko mwaka 1868, wakawa wanawakomboa watoto kutoka utumwani na kuwalea. Watoto hao walipokua walioana, na kuanzia Mhonda mwaka 1877 familia zao zilipelekwa bara kuwa kiini cha misheni mpya. Morogoro ilifuata mwanzoni mwa miaka ya 1880, Tununguo, kusini mwa Ngerengere, ikafunguliwa mwaka 1884, na Matombo mwaka 1897. Kazi ya ukatekista ilipata sura yake katika safari hizo: mtu wa ndoa, mume wa mke mmoja, mwenye nyumba na shamba, ambaye kijiji kizima kinamtazama anavyoishi na mkewe na anavyolea wanawe. Mapadre walitumaini kwamba nyumba ya namna hiyo ingevuta watu kuliko mahubiri. Si watu wote wa familia hizo walioridhika na mpango huo. Kengele iliyowapangia saa za sala na saa za shamba iliwachosha baadhi yao, wakatoroka. Waliobaki ndio waliokuwa walimu wa kwanza, wakifundisha kwa Kiswahili walichotoka nacho pwani.

Mwalimu mgeni na mwalimu Mluguru walikutana na jambo moja gumu, nalo halikuwa la imani peke yake. Kwa Waluguru, wenyeji wa milima ya Uluguru, mtoto ni wa ukoo wa mama, ardhi hupita upande huohuo, na sauti nzito juu ya mtoto ni ya mjomba. Mafundisho ya misheni yalimsimamisha baba kuwa kichwa cha nyumba. Katekista akawa katikati. Kanisani alifundisha mamlaka ya baba, na nyumbani watoto wake walimsikiliza mjomba wao kwanza. Akihamishiwa kigango kilicho mbali na ukoo wake, hakuwa na haki ya shamba huko. Ilimbidi aombe kwa wenye ardhi, na pengine kutoa ngoto, malipo ya mgeni kwa mkuu wa ukoo kwa kutumia ardhi yake. Kwa hiyo bidii ya kulima haikuwa pambo la tabia njema. Bila mpunga au mahindi yake mwenyewe, familia ya katekista ingelala njaa, maana posho ya misheni haikutosha. Mke naye alikuwa nusu ya kazi yote, ingawa hakuhesabiwa: alimpikia padre wa safari, alipokea wageni wa kigango, na alishika shamba siku ambazo mume alikwenda kwa wagonjwa.

Tambarare ya Ngerengere ina Waislamu wengi, na mwalimu wa madrasa hakuwa na maisha tofauti sana: mkulima, baba wa watoto, mwenye kufundisha barazani. Koo nyingi zina watu wa dini zote mbili, na msibani hukaa pamoja.

Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Morogoro mwaka 1907. Mashamba ya mkonge yakapanuka kandokando yake, na kambi zikajaa manamba, vibarua wa mkataba. Wengine walitoka Songea wakiwa tayari Wakatoliki, kwa kuwa Wabenediktini walikuwa Peramiho tangu mwaka 1898. Katekista wa kambini alifundisha jioni watu waliorudi wamechoka, nao mkataba ukiisha waliondoka. Kila msimu alianza upya.

Vita ya mwaka 1914 hadi 1918 ilikata misaada ya kutoka Ulaya, na vigango vikabaki mikononi mwa makatekista. Baada ya vita, pigo lilitoka upande usiotarajiwa. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya Waingereza ilitoa ruzuku kwa shule zenye walimu waliosomea kazi hiyo. Kabla ya hapo mwalimu wa dini na mwalimu wa kusoma na kuandika alikuwa mtu mmoja. Sasa mwenye cheti akapata mshahara, na katekista akabaki na heshima. Vijana wenye akili walichagua ualimu, na hakuna wa kuwalaumu.

Jimbo la Morogoro liliundwa mwaka 1953, na mwaka 1966 Adriani Mkoba akateuliwa kuwa askofu wake wa kwanza Mwafrika. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikwisha kusema mwaka 1965, katika hati yake juu ya umisionari, kwamba makatekista wafundishwe vizuri na wapewe riziki ya haki. Vijiji vya ujamaa vya miaka ya 1970 viliwakusanya watu karibu, na maaskofu wa Afrika Mashariki walipoweka mkazo kwenye jumuiya ndogondogo za Kikristo mwaka 1976, katekista akapata wasaidizi, na mikutano mingi zaidi.

Mwaka 2021 Papa Fransisko alitoa barua *Antiquum Ministerium*, akiufanya ukatekista kuwa huduma rasmi ya walei katika Kanisa. Mafunzo na vigezo viliachiwa mabaraza ya maaskofu. Posho haikutajwa.