Mji wa Kengele

Msomaji, ukivuka daraja la Nyali kutoka kisiwani Mombasa, ukashika njia ya Kisauni, hutakwenda mbali kabla ya kumsikia makanga wa matatu akinadi, "Kengeleni! Kengeleni!" Abiria hushuka kwa haraka, huyu anakwenda sokoni Kongowea, yule anakwenda kazini kwake, na ni wachache wanaogeuka kuutazama mnara mdogo wenye kengele uliosimama karibu na njia. Kengele hiyo ndiyo iliyopapa mahali pale jina. Na mji uliokuwa ukiamshwa na kulazwa kwa sauti yake uliitwa Frere Town.

Jina lenyewe lina kichekesho chake. Mwaka 1873 Serikali ya Uingereza ilimtuma Sir Bartle Frere kwenda Unguja kumtaka Seyyid Barghash bin Said akomeshe biashara ya watumwa baharini. Seyyid alikataa, na Frere akaondoka mikono mitupu. Aliyeipata sahihi ya Seyyid alikuwa Balozi John Kirk, siku ya 5 Juni mwaka ule ule. Hata hivyo mji haukuitwa kwa jina la Kirk, kwa sababu Frere ndiye aliyewashauri watu wa Misheni ya CMS watafute mahali pa kuwaweka wale watakaookolewa. Naye aliona jambo ambalo wengi hawakuliona. Manowari ikikamata jahazi, ikawatoa watu waliofungwa humo, je, watu hao watapelekwa wapi? Kwao ni mbali, na njia ya kurudi imejaa wakamataji. Kabla ya hapo wengi walikuwa wakipelekwa Aden, Shelisheli, au ng'ambo ya bahari hata Bombay.

Basi Misheni ilimtuma William Salter Price, ambaye hapo kwanza alikuwa mkuu wa makao ya Waafrika waliookolewa huko Sharanpur, karibu na mji wa Nasik katika Bara Hindi. Ardhi ilinunuliwa Kisauni, ng'ambo ya kisiwa. Bara hiyo haikuwa ngeni kwa wamisheni: mwaka 1844 Mjerumani Johann Ludwig Krapf alikuwa amemzika huko mkewe Rosine pamoja na mtoto wao mchanga. Mwaka 1875 manowari za Kiingereza zilianza kushusha watu Frere Town, na katika muda mfupi idadi yao ikapita mia mbili.

Sasa fikiri, wewe usomaye. Mji wa kawaida huota polepole kama mbuyu. Kwanza huja mtu na ndugu zake, kisha wakwe, kisha majirani, na kila mmoja anajua ni nani mzee wa mtaa na kaburi la babu liko wapi. Frere Town haukuwa na lolote katika hayo. Huyu alikuwa Myao, huyu Mmakua, yule ametoka pande za Ziwa Nyasa. Mama hakumjua jirani yake, wala mtoto hakuwa na shangazi. Kitu kimoja tu kiliwaunganisha, nacho ni kwamba wote waliwahi kuuzwa.

Waliowapokea walikuwa Waafrika wenzao waliotoka Bombay. Hao nao walikuwa watumwa waliookolewa utotoni, wakasomeshwa Nasik, wakajifunza useremala, uhunzi na ualimu. Mmoja wao alikuwa Matthew Wellington, mzaliwa wa Uyao, aliyekuwa katika msafara uliouchukua mwili wa David Livingstone kutoka kwa Chitambo mpaka Bagamoyo, safari ya miezi mingi iliyokwisha mwaka 1874. Aliishi Mombasa hata alipofariki mwaka 1935, mzee sana. Watu hawa walijua Kiingereza na lugha ya Kihindi, na wengine Kiswahili chao kilikuwa cha kusuasua. Ndio waliokuwa walimu na mafundi wa mji, lakini hawakuwa watawala wake.

Hapo ndipo penye jambo zito. Ardhi ilikuwa mali ya Misheni. Posho ilitolewa na Misheni, na kazi pia. Mkuu wa mji alikuwa Mzungu aliyeletwa kutoka Uingereza, na yeye peke yake alikuwa karani, hakimu na mwenye ghala. Kengele ikilia, watu walikwenda kazini. Ikilia tena, walikwenda kanisani au shuleni. Yasimuliwa kwamba kengele hiyo hiyo ililia pia kuwaonya watu wakati wa hatari ya wakamataji. Kwa hiyo sauti iliyowalinda ndiyo iliyowaamuru, na sidhani kwamba kila mara waliweza kuzitenga sauti hizo mbili.

Mambo yaliharibika chini ya mkuu mmoja aliyeitwa J. W. Streeter. Watu walipigwa viboko na kufungwa kwa makosa ambayo hapakuwa na sheria ya nchi iliyompa yeye mamlaka ya kuyahukumu. Habari zikavuja, zikafika mpaka Uingereza, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 Misheni ikalazimika kumwondoa. Price mwenyewe alirudi kuutengeneza mji. Tukio hilo haliwezi kufunikwa kwa sababu tu nia ya waanzilishi ilikuwa njema. Mtu aliyetolewa katika mnyororo wa jahazi, akapigwa tena katika mji wa uhuru, ana haki ya kuuliza uhuru huo ni wa namna gani.

Swali la pili lililetwa na watoro. Watumwa wa mashamba ya pwani, waliposikia kwamba kuna watu huru Kisauni na Rabai, walitoroka wakaenda huko kujificha. Mabwana zao walikasirika, hata wakatishia kuzishambulia misheni. Wakuu wa Misheni, wakiogopa vita, waliagiza watoro wasipokewe. Lakini waliokuwa wamewahi kuwa watumwa wenyewe waliona vigumu kumfungia mtoro mlango. Huko Rabai kiongozi wa watu alikuwa William Jones, mmoja wa wale wa Bombay, aliyepewa ushemasi mwaka 1885 na Askofu Hannington pamoja na mwenzake Ishmael Semler. Watoro walizidi kuongezeka, na kufikia 1888 wakawa mamia kwa mamia. Ndipo George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki alipopatana na mabwana kuwalipa fidia. Zaidi ya watu 1,400 katika vituo vyote walipata uhuru wao kwa fedha hizo, wengi wao wakiwa wa Rabai, na hati zikaanza kutolewa siku ya Mwaka Mpya wa 1889. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria katika pwani yetu mpaka 1907.

Polepole wageni wale wakawa wenyeji. Walioana, wakazikana, na Kiswahili kikawa lugha ya watoto wao. Kutoka kwao alitokea James Juma Mbotela, ambaye baba yake alikuwa mmoja wa waliookolewa. Kitabu chake, Uhuru wa Watumwa, kilichopigwa chapa mwaka 1934, kiliandikwa kwa Kiswahili na mtoto wa mji ule, wala si na mgeni. Kitafute ukisome. Chuo cha dini kilichokuwa Frere Town kilihamia Limuru mwaka 1930, na mwaka uliofuata daraja la kwanza la Nyali, lililoelea juu ya maboya, likaunganisha kisiwa na bara. Mji ukaanza kumezwa na mitaa iliyouzunguka.

Jina, hata hivyo, halikumezwa. Katiba ya Kenya ya 2010 ilipoanzisha kaunti, Frere Town iliwekwa kuwa wadi katika eneo bunge la Nyali. Mwezi wa Machi 2013 wakazi wake walipanga foleni, wajukuu wa watu wa majahazi pamoja na Wagiriama, Wakamba, Waluo na wengine waliohamia baadaye, wakamchagua mtu wao wa kukaa katika Bunge la Kaunti ya Mombasa. Kutoka siku manowari ya kwanza iliposhusha watu pale ilikuwa imepita miaka 138.