Cheti cha Afya cha Mtoto katika Mwambao wa Nyasa: Kutoka Kambi za Manamba hadi Ombi la Viza

Familia ya Mbinga au ya Mbamba Bay inayoomba viza ya muda mrefu, yaani ruhusa ya kuishi katika nchi ya kigeni kwa miezi mingi au miaka na si ya kutembea tu, mara nyingi hutakiwa kuthibitisha afya ya kila mtu atakayesafiri, hata mtoto anayebebwa mgongoni. Sharti hili huonekana kana kwamba limezuka juzi pamoja na safari za ndege, lakini katika pembe hii ya kusini-magharibi mwa Tanzania lina mikondo miwili ya kale iliyokwenda mbalimbali kwa miaka mingi: uchunguzi wa vibarua, uliompima mtu mzima kwa ajili ya nguvu zake na kumpita mtoto, na kliniki, iliyomwandikia mtoto kadi bila kufikiria mpaka wowote.

Mpaka wenyewe ulichorwa mwaka 1890, pale Uingereza na Ujerumani zilipogawana nchi zilizozunguka Ziwa Nyasa, lakini watu wa mwambao waliendelea kuvuka kwa mitumbwi kufuata ndugu, shule na dawa. Upande wa pili palikuwa na kisiwa cha Likoma, makao ya misheni ya Kianglikana ya UMCA tangu 1885, na meli ya misheni hiyo, Chauncy Maples, iliyoanza kazi mwaka 1901, ilihudumia vijiji vya ziwani. Katika mpango huo mtoto aliyeugua alikuwa mgonjwa wa kutibiwa, si msafiri wa kukaguliwa.

Ukaguzi uliletwa na kazi ya mkataba. Chini ya utawala wa Waingereza, wilaya ya Songea, ambayo wakati huo ilijumuisha Mbinga na mwambao wote, ilikuwa chanzo kikubwa cha vibarua wa mashamba ya mkonge, nao waliitwa manamba kwa sababu ya namba walizopewa walipoandikishwa. Mtaalamu wa elimujamii P. H. Gulliver, ambaye uchunguzi wake kuhusu Wangoni na Wandendeuli ulichapishwa mwaka 1955, alionyesha jinsi uhamaji huo ulivyokuwa sehemu ya kawaida ya uchumi wa kaya. Wamatengo wa milimani walikuwa na njia nyingine, kwa kuwa kahawa iliwapatia fedha bila kuacha mashamba yao ya ngoro, yaani mashimo ya kulimia yanayozuia mmomonyoko kwenye miteremko mikali.

Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda SILABU, ofisi yao ya pamoja ya kuandikisha na kusafirisha vibarua, nayo iliwachukua pia wake na watoto waliofuatana nao. Hapa ndipo nafasi ya mtoto katika sheria inapostahili kutazamwa kwa makini. Mkataba wa Shirika la Kazi la Kimataifa wa mwaka 1936 kuhusu uandikishaji wa vibarua uliagiza kwamba kila anayeandikishwa apimwe na daktari; ulikataza kwa jumla kuandikisha watoto; na ulisema wazi kwamba kumwandikisha mkuu wa familia hakumaanishi kwamba watu wa nyumba yake nao wameandikishwa. Masharti hayo yalikuwa ya kheri, kwa maana yalimkinga mtoto asigeuzwe kibarua kwa sahihi ya baba yake. Hata hivyo, yalimwacha nje ya uchunguzi uliotakiwa kwa baba, ingawa safari, kambi na maradhi waliyoyakabili yalikuwa yaleyale.

Wenela, shirika lililoandikisha watu wa migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, lilikwenda mbali zaidi katika kuwatenga wake na watoto. Lilimtaka mwanamume peke yake, likampima uzito na kifua, na kambi za migodini hazikuwa na nafasi ya mke wala mtoto. Tanganyika ilipojitawala ilikomesha uandikishaji huo, na kwa hatua hiyo ikafunga mlango wa safari iliyoutenga mwili wa mfanyakazi na nyumba yake.

Mkondo wa pili ulitoka katika hospitali za misheni: Mtakatifu Anna ya Liuli kando ya ziwa, Litembo katika milima ya Umatengo, na Peramiho ya Wabenediktini, waliofika huko mwaka 1898. Huduma zao kwa wajawazito na watoto wachanga ziliandaa njia ya kliniki ya mama na mtoto, ambayo serikali iliisambaza nchini kote katika miaka ya 1970, na mwaka 1975 ulianza mpango wa taifa wa chanjo. Chombo chake kikuu kilikuwa kadi ya kliniki, yenye mchoro wa ukuaji uliotokana na kazi ya daktari David Morley nchini Nigeria: uzito unawekwa alama kila mwezi, chanjo zinaandikwa tarehe, na mama anaitunza kadi nyumbani. Uamuzi wa kumkabidhi mama kumbukumbu badala ya kuifungia kabatini ulikuwa wa busara kubwa, maana uliifanya kadi iwe mali ya familia na iweze kusafiri nayo.

Kwa wasafiri wa kimataifa, kanuni za afya zilizopitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1951 ziliweka vielelezo vya vyeti vya chanjo dhidi ya ndui, kipindupindu na homa ya manjano. Ndui ilitangazwa kutokomezwa mwaka 1980 na cheti chake kikapoteza kazi. Cha homa ya manjano kimebaki, na tangu Julai 2016 hakiishi muda baada ya miaka 10 kama zamani.

Leo mikondo hiyo imekutana juu ya mtoto. Uingereza ilianza mwaka 2005 kuwapima kifua kikuu waombaji wa viza ya zaidi ya miezi 6 kutoka nchi chache, Tanzania ikiwamo. Mtoto wa chini ya miaka 11 huonwa na daktari lakini kwa kawaida hapigwi picha ya kifua. Marekani humtaka mhamiaji wa kudumu aonyeshe chanjo zake, kwa sheria ya mwaka 1996, na mtoto wa Tanzania mwenye umri wa miaka 2 hadi 14 hupimwa damu kwa ajili ya kifua kikuu. Ujerumani, ambako jimbo Katoliki la Würzburg lina udugu wa miaka mingi na jimbo la Mbinga, hudai uthibitisho wa kinga ya surua mlangoni pa shule, tangu Machi 2020, na kwa mwenye umri wa miaka 2 au zaidi chanjo lazima ziwe mbili.

Katika dai hilo la mwisho kadi ya kliniki huamua mambo, kwa sababu Tanzania iliingiza dozi ya pili ya surua katika ratiba yake ya kawaida mwaka 2014, hivyo mtoto aliyezaliwa miaka kadhaa kabla ya hapo anaweza kuwa amechanjwa kwa ukamilifu kadiri ya ratiba ya wakati wake na bado akaonekana pungufu mbele ya karani wa shule ya ugenini. Cheti cha kifua kikuu cha Uingereza nacho hutumika kwa miezi 6 tu, na Mbamba Bay iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam unakofanyika uchunguzi huo, kwa hiyo ombi likichelewa, familia hulazimika kuianza safari hiyo upya pamoja na watoto.