Jenereta Ilipozimika Bunda

Wadau, mmewahi kusikia kanisa zima likiimba bila kinanda, bila gitaa, bila ngoma?

Mwenzenu yalinikuta Bunda, kwenye msiba wa bibi yangu. Vijana wa kwaya walikuwa wamefunga spika kubwa kweli kweli. Katikati ya ibada jenereta ikazimika. Kimya! Vijana wakabaki wanatazamana. Basi, mama mmoja mzee akaanzisha tenzi, wazee wenzake wakaipokea, sauti nne zikajipanga zenyewe. Mimi niliyetoka Musoma na macho makavu, nikalia.

Wazee wale walijifunzia wapi? Jibu liko Mara hapa hapa. Mwaka 1934 Wamennonite kutoka Lancaster, Pennsylvania, wakiongozwa na Elam Stauffer, walifungua misheni Shirati, kisha Bukiroba, nje kidogo ya Musoma. Kwao Marekani, enzi hizo, kinanda hakikuingia ibadani. Babu zao wa imani waliteswa sana Ulaya. Baadhi walitunga nyimbo wakiwa gerezani Passau, Ujerumani, kati ya 1535 na 1540. Mfungwa ana chombo gani zaidi ya koo lake?

Lakini tusidanganyane. Kilichoachwa nje ya mlango kule Lancaster ni kinanda. Huku kwetu makanisa mengi ya kimisheni yaliacha nje ngoma na litungu, yaani kumbukumbu za watu. Kwa mmoja huo ni unyenyekevu, kwa mwingine ni kunyang'anywa.

Hata hivyo, kuimba kwa koo tupu hakukuja na meli. Nikirudi Musoma nilikata kona Kiabakari, nikapita Butiama kwenye kaburi la Mwalimu Nyerere. Huyu Mkatoliki aliiandika Injili kwa tenzi, zikachapishwa mwaka 1996. Alichagua umbo ambalo watu wa pwani wamelighani kwa sauti tupu karne na karne. Neno ni lile lile: tenzi za mwambao, tenzi za bibi yangu.

Bibi aliimba sauti ya pili. Siku ile sauti ya pili ilipwaya, na kila aliyemjua alilisikia pengo lake. Spika zingelifunika. Nadhani maana iko hapo: pasipo chombo, kila mtu anahitajika, na asipokuwepo inajulikana.

Wewe je, ukinyamaza kanisani kwenu, kuna atakayegundua?